Ruhusa ya Kuongelea Pumzi

Kabla sijaja Texas nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Morogoro. Mada ya upumuaji niliifundisha kila mwaka kwa kidato cha pili, nikichora mapafu ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu, na hakuna mtu wa wizara aliyewahi kuniuliza kama nina kibali cha kuyataja. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la vifaa vya tiba huko Mesquite, nilidhani msimamizi wangu ananitania.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hukohuko, mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya shanga. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari na kupeleka mashine za oksijeni majumbani.

"Utaichomeka mashine kwenye umeme," aliniambia. "Utamwonyesha mgonjwa swichi ya kuwasha na kuzima. Utamwonyesha jinsi ya kuosha kichujio. Akikuuliza hii mashine inamsaidia nini kifuani, utamjibu nini?"

"Nitamweleza kwamba mapafu yake..."

"Hapana. Hutamweleza. Utampigia simu mtaalamu mwenye leseni."

"Hata kama jibu nalijua?"

"Hasa kama unalijua," alisema, na hakucheka.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba katika jimbo hili tiba ya upumuaji ni taaluma yenye leseni, bodi, kanuni na adhabu zake, na kwamba oksijeni ni dawa inayotolewa kwa amri ya daktari. Hewa niliyoivuta bure nikitembea kutoka kwenye maegesho ilikuwa hewa tu. Ikishaingia kwenye mashine niliyoibeba mimi na kutokea upande wa pili kupitia mrija wa puani, ilikuwa dawa, na mimi sikuwa na mamlaka ya kuizungumzia. Niliruhusiwa kuibeba. Migongo haikuhitaji leseni.

Nilitii. Mtu mwenye familia changa na mshahara mmoja hujifunza kutii haraka. Wagonjwa waliniuliza maswali ambayo ningeyajibu nikiwa usingizini, nami nikawapa namba ya simu. Bibi mmoja wa Kimarekani alimwambia jirani yake, nikiwa hapohapo, kwamba yule Mwafrika ni mpole sana ila masikini hajui kitu.

Kisha nikapelekwa kwa mzee mmoja Mkongomani aliyeishi Irving na mwanawe. Nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege zikishuka, vikombe viligongana kabatini. Mwanawe alikuwa mpakiaji wa mizigo huko uwanjani, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mzee mwenyewe alikuwa amevuta sigara na vumbi la machimbo maisha yake yote, na sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka kabisa. Aliposikia nasalimia kwa Kiswahili, alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Asante Mungu, wamenitumia mutu," alimwambia mwanawe.

Nikachomeka mashine. Nikamwonyesha swichi. Nikamwonyesha kichujio. Akaniangalia kwa makini, akauliza, "Sasa hii mashini inafanya je? Inatia pumuzi ao inatosha?"

Nilijua sipaswi kujibu. Lakini alikuwa mzee, ameniuliza kwa heshima, na swali nililielewa kuwa dogo tu: je, pumzi inayotoka humo inatosha? Nikaona hakuna bodi duniani itakayonifunga kwa neno moja la kumtuliza mgonjwa.

"Inatosha, mzee wangu," nilimwambia. "Inatosha kabisa."

Uso wake ukabadilika. Akauchomoa mrija puani, akautupa mapajani kama aliyeshika nyoka. Mwanawe akaruka kutoka kwenye kochi.

"Kwetu kutosha ni kuondoa," alinieleza akiwa amejishika kichwa. "Umemwambia mashini inamuondolea pumuzi!"

Nilijaribu kusahihisha, na kila nilivyosahihisha ndivyo nilivyozidi kujenga kesi yangu mwenyewe. Mzee akakataa kuvaa ule mrija mpaka aje mtu mkubwa. Ikabidi nimpigie simu mtaalamu mwenye leseni, kama nilivyoelekezwa tangu mwanzo.

Mtaalamu wetu alikuwa mama Mfilipino, mfupi, mwepesi wa miguu, aliyefanya kazi hiyo miaka mingi na asiyepoteza neno hata moja. Alifika na stetoskopu yake. Kwanza alimpigia mkalimani wa simu ambaye kampuni ilimlipia. Mkalimani alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama hotuba ya bajeti. Alimwambia mzee kwamba mfumo wake wa upumuaji unahitaji nyongeza ya kiwango cha oksijeni ili kukidhi mahitaji ya mwili. Mzee akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza mwanawe, "Anasema je?"

Yule mama akakata simu, akanigeukia. "Wewe unaelewana naye?"

"Kwa kiasi," nilisema. "Lakini mimi siruhusiwi."

"Huruhusiwi kufundisha. Mimi ndiye nitafundisha. Wewe utabeba maneno yangu tu. Usiongeze, usipunguze. Wewe ni waya."

Nikawa waya. Alisema sentensi, nikaibeba. Mzee akauliza, nikarudisha. Mwanawe alikaa pembeni akirekebisha pale Kiswahili changu cha Morogoro kilipogongana na cha Uvira. Mwisho wa yote mzee akavaa mrija, akaegemea kiti, akafumba macho. Niliyoyabeba yalikuwa yaleyale ya kidato cha pili, ila safari hii yalitoka kwenye mdomo ulioandikishwa serikalini.

Tuliendelea hivyo miezi mingi. Kampuni ilijua, na ilichagua kutojua. Mimi niliona ule utaratibu ni kichekesho, na jioni nilimsimulia mke wangu, aliyekuwa mhasibu katika ofisi moja ya Irving, huku nikiigiza jinsi ninavyosimama kama waya, mikono imenyooka. Alicheka mpaka akaniomba ninyamaze watoto wamalize kazi za shule.

Siku iliyonitoa kwenye kichekesho hicho ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilipeleka mitungi midogo ya akiba. Mwanawe alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazini. Mzee alikuwa kitini, na kwa macho yangu alionekana vizuri kuliko siku zote: mashavu yana rangi, uso umelegea, anatabasamu peke yake, hahemi kama alivyozoea.

"Leo mzee amependeza," nilisema.

"Niliongeza kidogo," mwanawe alisema. "Jana alikuwa anahema sana. Nikafikiri akipata nyingi atapumzika."

Nikaangalia kipimo cha mashine. Daktari alikuwa ameandika lita mbili kwa dakika. Kilisimama kwenye tano. Nakumbuka vizuri kilichopita kichwani mwangu, maana nimekuwa nikikirudia tangu siku hiyo. Niliwaza: umefanya vema. Mtu anakosa hewa, umempa hewa. Hesabu gani hapo? Maneno yalikuwa tayari ulimini. Kilichonizuia ni kanuni ya ghalani iliyotaka kipimo chochote kilichotofautiana na amri ya daktari kiripotiwe papo hapo. Nikapiga simu kwa uvivu wa mtu anayetimiza wajibu.

"Muulize yuko wapi," yule mama Mfilipino alisema.

Niliona ni swali la ajabu. Nikambebea mzee.

"Niko Uvira," mzee alijibu taratibu, bado anatabasamu. "Ninangojea gari ya Bujumbura. Imechelewa."

Nikalirudisha jibu kwa Kiingereza, nikaongeza kwamba huenda anakumbuka zamani tu. Yule mama akanikatiza.

"Mwambie mwanawe arudishe kipimo kwenye mbili, sasa hivi. Kisha apige simu ya dharura. Wewe usiguse."

Basi nikasimama katikati ya sebule, mwalimu wa baiolojia, nimeshika simu, nikimwangalia mpakia mizigo akizungusha kitufe ambacho mimi sikuruhusiwa kukizungusha. Yeye hakuhitaji leseni kwa sababu alikuwa familia. Familia, kwa sheria hiyo, inaweza kumhudumia mtu wake nyumbani, na usiku uliotangulia ilikuwa imemhudumia karibu imtoe duniani.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Baadaye yule mama alinieleza kwamba mapafu ya mzee yalikuwa yamezoea kuishi na hewa chafu nyingi ndani, na oksijeni ilipozidi, hewa chafu ikazidi kujikusanya kwenye damu mpaka akili ikalala. Yale mashavu mazuri, lile tabasamu, ule utulivu: alikuwa amelewa hewa yake mwenyewe. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningemwambia mwanawe aiache vilevile.

"Angeiacha," alisema. "Wewe unaongea lugha yao. Wangekuamini kuliko mimi."

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, akiwa dhaifu, akili zake timamu na aibu kidogo kwa sababu aliambiwa alimkemea nesi kwa kuchelewesha gari. Mwanawe alibandika utepe mwekundu juu ya kile kitufe. Mimi nilirudi Mesquite nikiwa nimeudhika. Ningevumilia sheria ya kijinga, nilikwishazoea kuisimulia. Iliyoniudhi ni sheria iliyonifunga mdomo na kumbe ilikuwa na haki ya kunifunga.

"Nataka kusoma," nilimwambia mke wangu.

"Kusoma nini?"

"Kupumua."

"Haya," alisema. "Ila kupika Jumamosi kunabaki kwako."

Nilisoma chuo cha jumuiya huku nikipeleka mashine, kisha nikafanya mazoezi kwenye wodi za Dallas, nikiwa mkubwa kwa umri kuliko baadhi ya walimu wangu. Nilijifunza jinsi nilivyokuwa nimewafundisha watoto wa Morogoro mapafu ya kitabuni, yasiyozeeka, yasiyovuta sigara, yasiyo na mtoto mwenye huruma karibu na kitufe. Mtihani wa taifa niliufaulu. Nikadhani nimemaliza. Nilikuwa nimefika kwenye uzio tu.

Leseni yenyewe ilitaka alama za vidole, nilizochukuliwa kwenye kiofisi kilichobanana kati ya duka la donati na fundi viatu. Ilitaka nithibitishiwe mambo yangu na kila mamlaka iliyowahi kunipa leseni ya afya popote duniani. Nilipopiga simu kueleza kwamba hakuna, mhudumu, msichana mwenye subira, aliniuliza tena polepole: "Una uhakika hukuwahi kuruhusiwa kutoa huduma ya upumuaji katika nchi yako?"

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu wakati ule mwenye stetoskopu alifanya yote. Nikasema, "Nina uhakika."

Halafu kulikuwa na mtihani wa sheria yenyewe. Swali mojawapo lilihusu dereva anayepeleka mashine ya oksijeni nyumbani kwa mgonjwa: lipi kati ya haya anaruhusiwa kulifanya? Nililijibu bila kusoma majibu yote. Nadhani sijawahi kulijua jibu la mtihani wowote kwa uchungu namna ile.

Katika wiki za kungoja niliendelea kuendesha gari la ghala. Nilikuwa nimehitimu, nimefaulu, najua kusikiliza kifua na kusoma gesi za damu, na mgonjwa akiniuliza swali nampa namba ya simu. Mama Mfilipino alipopokea simu zangu alikuwa anacheka kabla sijasema.

"Mwanafunzi wangu," aliniambia siku moja, "hilo jibu unalijua."

"Nalijua. Nisemee wewe."

Asubuhi moja jina langu likatokea kwenye ukurasa wa bodi, pembeni yake neno moja la Kiingereza lenye maana kwamba niko hai kikazi. Nikawaita watoto waje waone. Binti yangu mkubwa alisoma, akauliza kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, "Kwa hiyo sasa Texas imekuruhusu kupumua?" Mdogo wake akataka kujua kama mama naye anayo hiyo ruhusa, au tumripoti.

Kazi nilipata Houston, katika hospitali kubwa, na tukahamia Katy kwa sababu shemeji yangu alikuwa huko na alimwahidi dada yake kwamba foleni ya barabarani si mbaya kama watu wanavyosema. Shemeji alifanyia kazi nyumbani. Mimi nilikuwa natoka alfajiri, nasogea kidogo, nasimama, nasikiliza redio, nasogea, na nikifika wodini nina hamu ya kuongea na binadamu yeyote.

Nilifanya kazi kwa miezi kadhaa kabla ya kumpata mgonjwa wa kwetu. Alikuwa mama wa Kikenya, kutoka Nyeri, aliyekuja kumtembelea binti yake huko Katy na kuangukiwa na nimonia juu ya pumu aliyokuwa nayo tangu ujana. Mwili mkubwa, kilemba cha maua, na pumzi fupi za mtu anayepanda ngazi akiwa amelala. Nilipoingia na mashine ya dawa ya mvuke nikamwona anaongea na ukuta.

"Ngai, Mungu wangu, hawa watu wataniua na hii baridi yao."

"Shikamoo mama," nilisema.

Aligeuka kama aliyeitwa kwa jina. "Marahaba! Kumbe! Wewe ni wa Tanzania, si ndiyo? Unaongea kama redio."

Nikaanza kumweleza dawa nitakayompa na jinsi ya kuivuta. Sikufika mbali. Msimamizi wa zamu, mwanamume mrefu mwenye tabia ya kusimama mlangoni nusu ndani nusu nje, aliniita koridoni.

"Hiyo ni lugha gani?" aliuliza.

"Kiswahili."

"Umepimwa?"

Nilidhani anazungumzia virusi fulani. Kumbe alikuwa anazungumzia lugha. Hospitali haikuruhusu mfanyakazi yeyote kumweleza mgonjwa mambo ya tiba kwa lugha isiyo Kiingereza mpaka apimwe katika lugha hiyo na kupewa beji. Kabla ya hapo lazima atumike mkalimani.

"Lakini mimi ni Mtanzania," nilisema.

"Sina shaka," alinijibu, na kwa haki yake alionekana anasikitika. "Leseni yako inakuruhusu kumtibu. Inakuruhusu kumweleza. Kwa Kiingereza."

"Salamu je?"

Alifikiri. "Salamu ruksa."

Kikaletwa kishikwambi kilichofungwa juu ya mti wa chuma wenye magurudumu, na kwenye skrini akatokea mkalimani, dada mmoja mstaarabu aliyekuwa amekaa mahali fulani penye pazia la kijani. Sote watatu tukaanza kazi. Nilimwambia mama kwa Kiingereza avute pumzi polepole. Yule dada akamwambia kwa Kiswahili avute pumzi polepole. Mama akamwangalia dada, akaniangalia mimi.

"Huyu anakutafsiria nini?" aliniuliza. "Kwani umesahau Kiswahili saa hii hii?"

Nilielewa kila neno. Nikakaa kimya, mikono imekunjwa, nikingoja niambiwe kwa Kiingereza alichosema.

"Mgonjwa anauliza," dada alisema, "kwa nini mnahitaji tafsiri, na kama mtoa huduma amepoteza kumbukumbu."

"Mwambie ni utaratibu wa hospitali," nilisema kwa Kiingereza.

"Ni utaratibu wa hospitali, mama."

"Mwambie huyo kijana," mama alisema akininyooshea kidole, mimi niliyekuwa na nywele za mvi, "asiniangalie na macho kama ng'ombe. Aseme ukweli. Kwani amekatazwa lugha ya kwao?"

"Ndiyo, mama," nilijibu, ikaniponyoka.

"Tafadhali subiri tafsiri," dada alisema kwa upole.

Mama alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta makohozi yaliyokuwa yamegoma kutoka tangu alipolazwa. Nikamshikia chombo, nikamwinua, nikamgonga mgongo kwa kiganja. Kwa hilo hakuna aliyedai beji. Yule dada kwenye pazia la kijani alingoja kwa heshima, kisha akaniuliza kama kikohozi nacho kitafsiriwe. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Kesho yake mama alikuwa ameshapanga mkakati. Binti yake, ambaye ni nesi katika hospitali nyingine, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Nimemweleza mama," binti alisema. "Hata mimi siruhusiwi kumtafsiria. Familia hairuhusiwi kabisa, huwa wanasema tutaficha mambo."

"Na mngeficha," mama alisema. Kisha akanigeukia. "Baba, na salamu wamekataza?"

"Hawakukataza."

"Basi nisalimie vizuri. Kwa ukamilifu, kama watu."

Nikamsalimia. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka salama ila pumzi ilikuwa fupi kuelekea alfajiri. Nikamuuliza na kifua nacho hakijambo? Akasema kifua kimeanza kulainika, makohozi yamegeuka kutoka kijani kuwa meupe. Na miguu? Miguu haijavimba. Na usingizi? Usingizi anaupata akiinuliwa mto. Na chakula, na maji, na hapa mbavuni panaposhika? Msimamizi wa zamu alipita mlangoni, akasimama nusu ndani, akasikiliza.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Bado tunasalimiana," nilisema.

Aliangalia saa yake, akaendelea na safari. Nilipomaliza nikawasha kishikwambi, nikarudia maswali yote kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, na mama akajibu yote upya bila kinyongo, kama mtu anayejua kuna wageni wawili na kila mmoja lazima apewe chai yake.

Nikajiandikisha kupimwa Kiswahili. Mtihani ulikuwa kwa simu. Sauti ya mwanamume ilijifanya mgonjwa, nami nijifanye mimi. Sikujiandaa hata kidogo. Nilimweleza kwamba nita-adjust mashine, kwamba akifika nyumbani a-check presha yake, na kile kidawa cha kupuliza asiki-skip. Nilitoka kwenye simu nimeridhika na nafsi yangu.

Majibu yalisema kwamba Kiingereza changu ni bora. Kiswahili changu kilikuwa cha wastani, chenye mchanganyiko mwingi wa lugha, hakijafikia kiwango cha kumhudumia mgonjwa.

Mke wangu alisoma mara mbili, akakaa chini. "Mume wangu," alisema. "Umefeli Kiswahili?"

"Sikufeli. Sijafikia kiwango."

Alicheka mpaka akaanza kutafuta hewa, nami nikamwambia kwamba kwa hilo nina leseni. Nilimsihi asimwambie mama yangu. Jumapili hiyohiyo simu ikalia kutoka Morogoro.

"Mwanangu," mama alisema, "kwani huko mnaongeaga nini?"

Nikajiandaa kwa mtihani wa pili kwa kupiga marufuku Kiingereza nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Nyumba ikanyamaza. Tulikula siku hizo kama watawa, tukielekezana chumvi kwa vidole. Mke wangu naye aligundua kwamba hawezi kusimulia kazi yake, kwa sababu kila kitu alichokifanya ofisini kilikuwa na jina la Kiingereza. Binti yangu mdogo peke yake alijitahidi, siku ya tatu alitamka, kwa lafudhi ya Texas, "Baba, naomba ruhusa kuondoka meza." Nilimruhusu kwa furaha.

Nilijifunza kusema nitarekebisha, nitapima, usiache kutumia. Nilijifunza majina ya vitu nilivyovishika kila siku na ambavyo sikuwahi kuviita kwa lugha ya mama yangu. Katika yote hayo aibu ilikuwepo, ila kulikuwa na kitu kingine pia. Nikiwa kwenye foleni ya barabara ya Katy, nikijisemea peke yangu garini, niligundua kwamba kweli sikuwa na maneno. Kama mama wa Nyeri angeniuliza swali gumu, lile la je nitapona, ningemjibu nusu kwa lugha yake na nusu kwa Kiingereza. Kwa mara ya pili katika maisha yangu ya hapa nilikuwa nimekaribia kusema kuwa kanuni imekosa akili, na kwa mara ya pili nikalimeza neno.

Nilifaulu. Mama wa Nyeri alikuwa ameshatoka hospitalini siku nyingi na kurudi Kenya. Binti yake alinitumia picha yake akiwa shambani, amesimama, hana mrija wowote, amekunja uso kwa jua. Beji yangu ilikuja, kipande kidogo cha plastiki chenye neno Kiswahili, nikakibana chini ya jina langu.

Baada ya hapo wakaja wagonjwa wa Kihispania, wa Kivietinamu, wa Kiarabu, wa Kiingereza cha Louisiana. Beji ilianza kuchubuka pembeni. Msimamizi wa zamu alinitania kwamba nimesomea lugha ya watu wasiougua.

Kisha akalazwa mwanafunzi mmoja wa Kitanzania, msichana anayesoma uhasibu, aliyepasuliwa kidole tumbo na ambaye mapafu yake yalikuwa yameanza kujikunja kwa kuogopa kuvuta pumzi ndefu. Niliingia na kile kifaa cha mazoezi chenye kimpira kinachopanda. Nikampa salamu, akaitikia, akafurahi. Nikavuta kiti. Nikamweleza, kwa Kiswahili kilichopimwa na kuthibitishwa, kwamba vifuko vya hewa vilivyo chini kabisa ya mapafu vinanywea asipovuta pumzi kwa kina, kwamba unyevu hutuama humo, na kwamba atavuta taratibu mpaka kimpira kifike kwenye alama, akizuie hapo kidogo, kisha aachie.

Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Samahani sana, kaka," alisema, akishika tumbo lake kwa mto. "Unaweza kunirudishia kwa Kiingereza? Hayo maneno mimi siyajui."

Nikamweleza kwa Kiingereza. Alielewa mara moja, akaweka mdomo kwenye bomba, akavuta. Kimpira kikapanda nusu, kikatetemeka, kikaanguka, akaniangalia kama anangoja kugombezwa.

"Tena," nilimwambia. Hilo alilijua.